Mtungi wa lita 20 na mlinganyo wa Bernoulli

Mtungi wa lita 20 unajaa kwa sekunde ngapi?

Swali hilo liandikwe ubaoni siku ya kwanza ya kozi ya mekanika ya majimaji, kabla mlinganyo wowote haujatajwa. Chini yake weka vipimo vya kibanda cha maji cha kawaida, cha aina unayoikuta Mukuru, Kibera au Mathare jijini Nairobi. Tanki la plastiki la lita 5,000 limekaa juu ya mnara wa chuma wa mita 3. Kutoka tangini linashuka bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la milimita 25, urefu wake mita 20, lina elbo (viungo vya kona) sita na valvu moja, na mwisho wake ni mfereji wa nusu inchi ulio sentimita 60 kutoka chini ili mtungi upite. Tanki limejaa nusu, kwa hiyo maji yana kina cha mita moja hivi ndani yake. Ukijumlisha mita 3 na mita 1, kisha ukatoa 0.6, maji yako mita 3.4 juu ya mfereji.

Mwanafunzi aliyefaulu fizikia ya sekondari atalitatua haraka kwa mlinganyo wa Bernoulli, unaogeuza kimo cha maji kuwa kasi. Kasi ni kipeuo cha pili cha 2 mara 9.81 mara 3.4, yaani mita 8.2 kwa sekunde. Zidisha na eneo la bomba la milimita 25, unapata lita 4 kwa sekunde. Jibu: sekunde 5.

Usimsahihishe. Muulize tu kama amewahi kupanga foleni kwenye kibanda. Darasa zima litacheka, kwa sababu wengi wamepanga, na hakuna aliyeona mtungi ukijaa kwa sekunde 5. Hapo ndipo kozi inapoanza. Mwanafunzi ana jibu ambalo hesabu inamwambia ni sahihi na maisha yake yanamwambia si kweli, na atataka kujua pengo hilo limetoka wapi. Ukianza na msuguano ukafuatisha kibanda kama mfano, unampa jibu la swali ambalo hajaliuliza bado.

Hatua ya pili ni kuingiza msuguano. Mpe mlinganyo wa Darcy, unaohesabu kimo kinachopotea kwa msuguano wa bomba, na jedwali la hasara za viungo, yaani namba za kuzidisha na kasi mara kasi gawanya kwa 2 mara 9.81: elbo 0.9 kila moja, valvu iliyofunguka wazi 0.2, mdomo wa kutokea tangini 0.5, mfereji 10, na 1 kwa ajili ya kasi ya maji yanayotoka. Jumla yake ni kama 17. Akitumia kipenyo cha milimita 25, atapata sekunde 30. Sasa jibu linafanana na ukweli, na wengi wataridhika nalo.

Nao wamekosea bado. Bomba la PPR hutajwa kwa kipenyo cha nje. Lile la milimita 25 la daraja la presha la PN20 lina ukuta wa milimita 4.2, kwa hiyo tundu la ndani ni milimita 16.6 tu. Pitisha kipande cha bomba darasani pamoja na kalipa, kila mmoja akipime mwenyewe. Wakirudia hesabu kwa 16.6, mtungi unachukua sekunde 79.

Kaa hapo kidogo, maana hii ndiyo sehemu yenye utajiri. Kwa kiasi kilekile cha maji, presha inayopotea kwenye msuguano hupungua kwa takriban kipeo cha tano cha kipenyo. Gawanya 25 kwa 16.6, jibu lipandishe hadi kipeo cha tano, unapata karibu 8. Kosa la kusoma maandishi ya ubavuni mwa bomba badala ya kupima tundu linapunguza hesabu ya hasara ya msuguano karibu mara nane. Mwanafunzi aliyefikia jambo hilo kwa kulikosea hatalisahau kwenye mtihani, na la maana zaidi, hatalisahau siku atakapoagiza mabomba ya jengo zima.

Kuna la pili ndani ya hesabu hiyohiyo. Vitabu huziita hasara za viungo "ndogo". Katika kibanda hiki, kwa namba za aina ileile ya jedwali, msuguano wa bomba unachukua 32 na viungo vinachukua 17, zaidi ya theluthi ya hasara yote. Ni ndogo kwenye bomba la kilomita kumi, ila si kwenye mita 20 zenye kona sita. Fundi bomba wa mtaani analijua hilo bila jedwali: atakuambia kona nyingi zinachosha maji.

Kesi ya kufundishia iwe ndogo kiasi hicho. Mara nyingi walimu wenye nia njema huchagua kitu kikubwa kama "uhaba wa maji Nairobi", wanafunzi wakaandika kurasa arobaini kuhusu bwawa la Ndakaini. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 na linabeba takriban mita za ujazo milioni 70, na hakuna kipimo chake hata kimoja ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa au kukibadilisha. Matokeo yake ni insha. Mimi hutumia vigezo viwili tu. Kwanza, jibu liweze kupimwa kwa mkono ndani ya dakika chache. Pili, mwishoni pawe na mtu ambaye lazima aamue atoe pesa yake wapi.

Kibanda kinavyo vyote viwili. Mwenye kibanda anataka foleni iende haraka. Kila mtu mtaani atamshauri ainue tanki, na ni kweli kwamba tanki likiwa juu presha inaongezeka. Basi wanafunzi wahesabu. Mnara ukitoka mita 3 hadi 6, mtungi unajaa kwa sekunde 56. Mnara ukibaki palepale lakini bomba likawa la milimita 32, ambalo tundu lake ni milimita 21.2, mtungi unajaa kwa sekunde 54. Mita 20 za bomba zinashindana na mnara mpya wenye nguzo, msingi na uzito wa tani tano za maji juu yake. Wapeleke hadiwea wakaulize bei katika maduka matatu, kisha waweke shilingi mbele ya kila chaguo. Wasitumie bei za mtandaoni, kwa sababu bomba la PPR huuzwa kwa urefu maalum na viungo vyake mara nyingi hugharimu zaidi ya walivyokisia.

Na mfereji wenyewe? Ukitoa wa nusu inchi ukaweka wa robo tatu huku bomba likiwa lilelile la 25, unaokoa sekunde 4 tu. Ukiubadilisha baada ya kuweka bomba la 32, unaokoa 8, mtungi unashuka hadi sekunde 46. Sehemu iliyobana ikishapanuliwa, ile inayofuata ndiyo inayoanza kubana. Ni somo ambalo ukilieleza kwa maneno linapita, lakini mwanafunzi akiziona namba hizo mbili kando kando linakaa.

Mlinganyo tofautishi (differential equation) nao umo humohumo. Tanki likijaa hadi juu, maji yana kimo cha mita 4.4 na mtungi unajaa kwa sekunde kama 69. Likikaribia kuisha, kimo ni 2.4 na mtungi unafika sekunde 95. Wateja wanajua kwamba jioni maji hutoka polepole. Waambie wanafunzi wapate muda wa kumaliza mitungi yote 250 kutoka tanki lililojaa, na utaona wanaandika mlinganyo wa kimo kinavyoshuka kwa wakati bila kulazimishwa.

Sasa kipimo chenyewe, maana hapa ndipo mambo huharibika.

Msimwage maji ya mtu. Pimeni mitungi ya wateja inapojazwa, kumi mfululizo, na mchukue thamani ya katikati badala ya wastani, kwa sababu mtungi mmoja uliosogezwa ukijazwa unaharibu wastani. Saa ya simu ianze maji yanapogusa sakafu ya mtungi na isimame yanapofika alama iliyokubaliwa shingoni. Mtungi "wa lita 20" si lazima uwe na lita 20 ukijazwa hadi mdomoni: upimeni mtupu, kisha umejaa, kwa mizani. Kilo moja ya maji ni lita moja. Andikeni pia kiwango cha maji tangini mwanzo na mwisho wa vipimo, la sivyo hamtaweza kulinganisha na hesabu yoyote.

Kimo pia hukosewa sana. Tepu ikishikwa kwa kukisia kutoka mnarani hadi kibandani, na ardhi yenyewe ina mteremko, unaweza kukosea nusu mita, na nusu mita kati ya 3.4 ni karibu asilimia 15. Tumieni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 10 au 15, uliojazwa maji, ule ule ambao mafundi wa ujenzi hutumia kuhamisha levo. Pimaji la mkono halitoshi kwa umbali huo. Kabla ya kusoma, lazeni mpira wote mtoe mapovu. Povu moja kubwa likibaki, ncha mbili hazitakuwa levo na hakuna atakayegundua.

Kipimo kikiwa kirefu kuliko hesabu, tuseme sekunde 95 wakati hesabu inasema 79, wanafunzi wengi huandika "makosa ya binadamu" na kufunga daftari. Kataa jibu hilo. Watafute. Valvu iliyofunguliwa nusu haina hasara ya 0.2 tena, inaweza kufika 2 au zaidi. Bomba lililopandishwa juu ya mlango kisha likateremshwa hubeba hewa kwenye kilele chake na kubana njia. Kiungo cha PPR kilichochomwa kwa joto lililozidi au kusukumwa kupita kiasi huacha ukingo wa plastiki ndani, na ukingo huo unakula tundu. Mkikata kiungo kibovu kwa msumeno mtauona kwa macho. Kila chanzo kina nafasi yake ndani ya mlinganyo, na kazi ya mwanafunzi ni kusema ni herufi ipi iliyobadilika na kwa kiasi gani.

Jambo la namna ya kwenda. Kibanda ni biashara ya mtu. Nendeni saa ambazo foleni ni fupi, watu wanne na si ishirini, na msipige picha za wateja. Sentensi ya kwanza ikiwa "Mama, tumekuja kukusaidia", mmeshaharibu, maana hakuomba msaada na atasubiri kitu ambacho hamtaleta. Afadhali: "Habari ya asubuhi, Mama. Sisi ni wanafunzi, tunaomba utuonyeshe maji yanavyofika hapa kutoka kule juu." Atawaonyesha mambo ambayo hayako kwenye mchoro wowote, kama kipande cha bomba kilichobadilishwa baada ya kuvuja na kuwekwa chembamba zaidi.

Halafu kuna lugha, na hili nalishikilia kwa nguvu. Wanafunzi wetu husoma uhandisi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na inawezekana kabisa kupita mtihani kwa kupanga upya maneno ya mwalimu. Mwambie sasa amweleze fundi bomba, kwa Kiswahili, kwa nini maji yaliyosimama yana presha nzuri lakini mfereji ukifunguliwa presha inaanguka. Asiyeelewa atakwama papo hapo, kwa sababu hana maneno ya kukopa. Aliyeelewa atasema kitu kama: maji yakiwa yametulia hayasuguani na bomba, yakianza kwenda, kila mita na kila kona inachukua sehemu ya nguvu iliyotoka kule juu, na yakienda kasi mara mbili inachukua karibu mara nne. Ndiyo maana ripoti ya kesi hii iwe kurasa mbili za Kiswahili kwa mwenye kibanda, zenye namba na chaguo, na hesabu zote zije nyuma kama kiambatisho. Alama nusu ziende kwenye zile kurasa mbili.

Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kwenda kibandani. Vikundi viwili viende vilete vipimo, vingine vifanye kazi ileile chuoni kwa pipa la chuma la lita 200 lililowekwa juu ya meza imara, mita 10 za bomba la milimita 20, elbo nne na mfereji. Mabomba ya majaribio yaunganishwe kwa viungo vya kufungua, si vya kuchoma, ili kikundi kinachofuata kiondoe elbo mbili na kupima tofauti. Au wapime mifereji ya hosteli, ghorofa ya chini na ya juu, siku moja, saa moja.

Mji wenyewe pia una la kufundisha ambalo vitabu vingi hupita. Kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari kinasema pampu haiwezi kufyonza maji zaidi ya mita 10.3. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni takriban kilopaskali 83, na kikomo ni mita 8.4, kabla hujatoa msuguano wa bomba la kufyonzea na mvuke. Pampu iliyowekwa juu ya tanki la chini ya ardhi katika ploti ya ghorofa, ikivuta kutoka mita 7, ina nafasi ndogo sana ya kukosea. Mwanafunzi akiuliza kwa nini ile pampu inapiga kelele kama imemeza changarawe, ana mada nzima ya mapovu ya mvuke ndani ya pampu.

Kozi nyingine zina vibanda vyake. Katika umeme, nenda kwa karakana ya kuchomelea vyuma ambako taa hufifia fundi akianza kazi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa ohmu 7.41 kwa kilomita. Karakana ikiwa mita 40 kutoka kwenye mita ya umeme, njia ya kwenda na kurudi ni mita 80, sawa na ohmu 0.59. Mashine ikivuta ampea 30, volti 18 kati ya 240 zinapotelea kwenye waya. Kwa waya wa milimita mraba 10, zinapotea 4.4. Kosa la kawaida ni kusahau safari ya kurudi na kupata nusu ya jibu. Fundi mwenye leseni ndiye apime volti, wanafunzi wasome tu.

Katika mekanika ya udongo, leta gunia dogo la udongo mwekundu wa Kabete na jingine la udongo mweusi wa Embakasi. Kausha, saga, chekecha kwa wavu wa milimita 0.425, weka gramu 10 kwenye silinda ya maji ya mililita 100 na gramu 10 nyingine kwenye silinda ya mafuta ya taa. Koroga hewa itoke, acha saa 24. Mafuta ya taa hayaingii kati ya tabaka za mfinyanzi kama maji yanavyoingia, kwa hiyo silinda hiyo ndiyo kipimo cha udongo usiovimba. Tofauti ya ujazo, ukiigawanya kwa ujazo ndani ya mafuta, inakupa kiwango cha kuvimba. Asiyengoja saa 24 atapata namba ndogo na kuusifu udongo mbaya.

Kwa kozi ya miundo niko mwangalifu zaidi. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 liliua watu zaidi ya 40. Lisomeni kupitia ripoti na magazeti ya wakati ule. Msiende kuwauliza majirani wasimulie upya kwa ajili ya alama.

Pingamizi la kwanza la wenzangu ni silabasi. Chuo Kikuu cha Aalborg huko Denmark kilijengwa tangu 1974 juu ya miradi ya namna hii, lakini hakuna haja ya kubomoa ratiba ya chuo chetu ili kufanana nacho. Kesi moja, wiki nne, inabeba Bernoulli, msuguano, viungo na mtiririko unaobadilika. Ni mihadhara ileile kwa mpangilio mwingine.

Mwishoni warudi kibandani na zile kurasa mbili. Uwe tayari mwenye kibanda achague kitu ambacho hawakukiandika. Mara nyingi ni mfereji wa pili kwenye bomba lilelile. Wanafunzi watapinga: mifereji miwili ikifunguka pamoja, kila mtungi unachukua sekunde 143, kwa hiyo mitungi miwili ni sawa na mmoja kila sekunde 72, badala ya 79. Faida karibu hakuna. Waambie wakae pembeni wapime tena, safari hii saa isisimame mtungi ukijaa. Kufunga mfereji, kuinua mtungi, kulipa na kuweka mwingine kunachukua sekunde 20 hivi, na wakati huo wote bomba limelala. Kwa mfereji mmoja, kila mteja anachukua sekunde 99. Kwa mifereji miwili, mmoja unajaza wakati mwingine unabadilishwa, na mteja anaondoka kila sekunde 75. Bomba jipya la milimita 32 na mfereji wake mmoja lingemfikisha 74.